Koncheto Moja, Wapiga Selo Watatu

Katika mkutano wa wazazi na walimu wa muhula uliopita, baadhi ya wazazi waliuliza kwa nini Chama cha Muziki kinatumia jioni za Jumamosi kuwasikiliza Wazungu waliokufa zamani, na faida yake ni nini kwa mtoto anayejitayarisha kwa mtihani. Swali hilo ni la haki, nami naona lastahili jibu refu kuliko nafasi iliyokuwapo siku ile. Kwa hiyo nimemwomba mhariri wa gazeti letu anipe kurasa chache, nieleze somo moja tu kati ya yale tuliyoyafanya, ili wazazi wapate kuhukumu wenyewe, na wanafunzi ambao hawakuwapo wapate kulifuata.

Kwanza yafaa tujue selo ni kitu gani. Selo ni ndugu mkubwa wa fidla. Umbo lake ni lile lile, lakini ni kubwa hata mpigaji hawezi kuliweka begani. Huketi kitini akaishika katikati ya magoti, nayo husimama sakafuni juu ya chuma chembamba kilichochongoka. Ina nyuzi nne. Hupigwa kwa uta uliofungwa nywele za mkia wa farasi, na vidole vya mkono wa kushoto hubana nyuzi. Katika gitaa ziko alama za kumwonyesha mtu pa kubana. Katika selo hakuna, basi kidole kikipotea kidogo tu, sauti hutoka mbovu na kila mtu husikia. Aliyewahi kukaa mbele ya kundi la taarab la Unguja huenda amekwisha kuiona, maana makundi yale yameitumia kwa miaka mingi pamoja na fidla, udi na ganuni. Sauti yake huanzia chini kama ya mzee anayesema polepole, ikapanda mpaka ikawa kama ya mwanamke anayeimba. Nafikiri ndiyo sababu watu wengi huipenda hata kabla ya kufundishwa kuipenda.

Jambo la pili ni santuri. Ninyi vijana mmezoea kusikia muziki katika simu, mkiukata na kuurudisha mpendavyo. Santuri za zamani hazikufanywa hivyo. Wengi wenu mmesoma habari za Siti binti Saad, jinsi alivyosafiri kutoka Unguja mwaka wa 1928 mpaka Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri na ile kampuni yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Kampuni yenye alama ile ile ya mbwa ndiyo iliyotoa santuri moja nitakayoieleza hapa, na kazi ilifanywa kwa njia ile ile. Mwimbaji au mpigaji alisimama mbele ya maikrofoni. Katika chumba cha pili sahani nene ya nta ilizunguka, na sindano ikachora sauti juu yake. Sahani kubwa ilichukua muziki wa dakika nne au tano kwa upande mmoja, si zaidi. Mtu akikosea katika dakika ya nne, upande wote ulitupwa, na kazi ikaanza tena mwanzo. Hapakuwa na njia ya kukata kipande kibaya na kuunga kizuri. Hilo lilikuja baadaye, utepe wa sumaku ulipoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940. Basi mkisikiliza santuri ya kabla ya hapo, jueni kwamba kila dakika nne mnazozisikia ni dakika nne za kweli katika maisha ya mtu, bila kiraka.

Tuliamua kusikiliza utungo mmoja tu, tukaupima kwa wapigaji mbalimbali. Hiyo ndiyo njia ninayoipendelea. Mwalimu wa lugha hawezi kuwafundisha kusoma kwa sauti kwa kumsikiliza msomaji mmoja. Lakini wasomaji watatu wakisoma ukurasa ule ule, mara moja mtasikia kwamba ukurasa haukusema kila kitu.

Utungo tuliouchagua ni koncheto ya selo ya Antonín Dvořák. Koncheto ni muziki ambao mpigaji mmoja hukaa mbele akajibizana na okestra nzima, yaani kundi la wapigaji sitini, sabini au zaidi. Dvořák alizaliwa mwaka wa 1841 katika kijiji kimoja cha Bohemia, nchi ya Wacheki, ambayo wakati ule ilitawaliwa na Austria. Baba yake alikuwa mchinja nyama na mwenye nyumba ya wageni. Tangu mwaka wa 1892 mpaka 1895 alikuwa mkuu wa chuo cha muziki mjini New York, kwa mshahara mzuri kuliko wa kwao, lakini aliikumbuka nchi yake kila siku. Kwa muda mrefu hakuiamini selo. Aliona ni chombo kizuri cha kukaa ndani ya okestra, lakini hakifai kusimama mbele peke yake. Mwaka wa 1894 alimsikia Victor Herbert akipiga koncheto aliyoitunga mwenyewe kwa ajili ya selo, akabadili mawazo. Akaanza kuandika yake mwezi wa Novemba mwaka ule ule, akaimaliza Februari 1895.

Alipokuwa akiandika sehemu ya pili, alipata habari kwamba shemeji yake, Josefina, ni mgonjwa sana huko kwao. Josefina huyo ndiye aliyempenda alipokuwa kijana, kabla ya kumwoa ndugu yake Anna. Dvořák akautia ndani ya koncheto wimbo wake mmoja ambao Josefina alikuwa akiupenda. Alirudi Bohemia, na mwezi wa Mei Josefina akafa. Hapo Dvořák akaufungua tena utungo uliokwisha, akauandika upya mwisho wake, na ule wimbo ukarudi mara nyingine, kwa upole sana, kabla ya okestra kufunga kwa kishindo. Mpiga selo Hanuš Wihan, ambaye koncheto hiyo ilitungwa kwa heshima yake, alitaka pale mwishoni pawe na mahali pa kuonyesha ufundi wa vidole. Dvořák alikataa kabisa. Kwa maoni yangu alifanya vema.

Mkitaka kulifuata somo hili kwa masikio yenu, shikeni mahali patatu. Pa kwanza ni pale selo inapoingia. Okestra hupiga peke yake zaidi ya dakika tatu, na selo hungoja. Kisha huingia kwa nguvu, kama mtu anayetunga maneno yake palepale. Pa pili ni katikati ya sehemu ya pili: okestra hupasuka ghafula kama kilio, ikanyamaza, na selo huimba ule wimbo wa Josefina. Pa tatu ni dakika chache za mwisho, ambapo mwendo wa askari hupungua, wimbo hurudi, na sauti ya selo hushuka polepole kama pumzi.

Santuri ya kwanza ni ya Emanuel Feuermann, iliyofanywa Berlin kati ya mwaka wa 1928 na 1929. Feuermann alizaliwa mwaka wa 1902 katika mji wa Kolomyja, ambao wakati ule ulikuwa katika dola ya Austria na sasa uko Ukraine. Alikuwa na kipaji cha ajabu: alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita tu alipewa kazi ya kufundisha selo katika chuo cha Cologne, na wanafunzi wake wengine walikuwa wakubwa kuliko yeye. Mwaka wa 1929 akawa profesa Berlin. Okestra katika santuri hii inasikika mbali na nyembamba, na wanafunzi wa kidato cha kwanza walicheka waliposikia mkwaruzo wa sindano. Walipofika mahali pa kwanza waliacha kucheka. Feuermann anapiga kama seremala mwenye randa kali. Mbao yenye mafundo inapita chini ya mkono wake ikawa laini, na husikii jasho. Mahali ambapo wapigaji wengi hupunguza mwendo kwa sababu ya ugumu, yeye hapunguzi. Sauti ya juu kabisa, ambako selo hupenda kulia kama mlango usiotiwa mafuta, kwake ni safi.

Aliyeongoza okestra ni Michael Taube. Wote wawili walikuwa Wayahudi. Hitler aliposhika serikali mwaka wa 1933, Feuermann aliondolewa katika kazi yake, na Taube baadaye alihamia Palestina. Feuermann alihangaika Ulaya miaka kadhaa kisha akaenda Marekani, na huko mwaka wa 1941, pamoja na Jascha Heifetz wa fidla na Arthur Rubinstein wa piano, aliingiza katika santuri tungo za watu watatu za Beethoven, Schubert na Brahms. Tarehe 25 Mei 1942 alikufa mjini New York baada ya upasuaji mdogo ulioingiwa na maradhi. Alikuwa na miaka 39. Utepe wa sumaku, sahani ndefu za mwaka wa 1948, vyote vilikuja yeye hayupo. Tungo sita za Bach za selo peke yake hakuziacha kamili katika santuri yoyote, nami sioni hasara kubwa kuliko hiyo katika habari nzima za chombo hiki.

Santuri ya pili ni ya Pablo Casals, nayo yahitaji maneno zaidi, maana bila Casals wengine wote wasingekuwa walivyokuwa. Alizaliwa mwaka wa 1876 El Vendrell, katika Katalunia, upande wa mashariki wa Hispania. Baba yake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, katika duka la karatasi kuukuu za muziki mjini Barcelona, aliokota kitabu cha zile tungo sita za Bach. Siku zile watu wachache walizijua, na walizichukua kuwa mazoezi ya vidole. Casals alizisoma kila siku kwa miaka kumi na miwili kabla ya kuthubutu kupiga utungo mmoja mzima mbele ya watu. Fikirini hilo, ninyi mnaolalamika kwamba kitabu kimoja cha fasihi kinachukua muhula mzima. Alipokubali hatimaye kuzitia zote katika santuri, huko London na Paris kati ya mwaka wa 1936 na 1939, alikuwa na umri wa miaka sitini hivi, na nchi yake ilikuwa imeingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Koncheto ya Dvořák aliipiga kwa santuri katika miaka hiyo hiyo, mwezi wa Aprili 1937, tena mjini Prague kwenyewe, pamoja na okestra ya Wacheki iliyoongozwa na George Szell. Sisi tuliisikiliza mara mbili jioni ile ile kwa sababu wanafunzi waliomba. Casals hapigi kwa ulaini wa Feuermann. Uta wake unatamka. Kila sauti ina mwanzo na mwisho kama neno. Anapoingia pale mahali pa kwanza, ni kama mtu anayesimama barazani kusema jambo alilolifikiri usiku kucha. Na katika wimbo wa Josefina hafanyi lolote la kutafuta machozi. Anausema tu. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliniambia kwamba Feuermann alimfanya aitazame selo, na Casals alimfanya aisahau. Sijasoma hukumu nzuri kuliko hiyo katika vitabu.

Tazameni sasa tarehe. Aprili 1937 vita vya Hispania vilikuwa katika mwaka wake wa kwanza. Januari 1939 jeshi la Franco liliuteka mji wa Barcelona, na Casals akaishi ugenini, katika mji mdogo wa Prades upande wa Ufaransa, karibu na mpaka, akiwaandikia watu barua za kuwaombea msaada wakimbizi wenzake. Machi 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Prague. Wale wapigaji wa Kicheki mnaowasikia katika santuri hii walikuwa na miaka miwili tu iliyobaki ya kuwa watu huru.

Mwaka wa 1945 vita vikuu vilipokwisha, Casals alitumaini kwamba mataifa yaliyoshinda yatamwondoa Franco. Hayakumwondoa. Basi Casals akaacha kupiga mbele ya watu katika nchi zile zilizoitambua serikali ya Franco, ingawa alikuwa akiitwa kila mahali na angeweza kupata fedha nyingi. Mwaka wa 1950, ilipotimia miaka mia mbili tangu kufa kwa Bach, wapigaji wa nchi nyingi wakamwendea wao Prades. Baadaye alipiga katika Umoja wa Mataifa mwaka wa 1958, na mbele ya Rais Kennedy mwaka wa 1961. Alikufa Puerto Rico mwaka wa 1973, miaka miwili kabla ya Franco. Mwaka wa 1979 mwili wake ulirudishwa El Vendrell.

Juu ya kunyamaza huko kulitokea mabishano makali chamani. Wengine walisema alifanya haki. Kijana mmoja alisema kwamba Franco hakupoteza usingizi kwa sababu mzee mmoja hapigi selo, na walioadhibiwa ni wasikilizaji. Sikukata shauri siku ile. Nilisema tungoje santuri ya tatu.

Hiyo ni ya Mstislav Rostropovich, aliyezaliwa Baku mwaka wa 1927. Haikufanywa katika chumba cha kampuni. Ilichukuliwa na redio ya Kiingereza katika jumba la Royal Albert Hall, London, usiku wa tarehe 21 Agosti 1968. Okestra ya serikali ilikuwa imetoka Moscow, na koncheto ya Dvořák ilikuwa imepangwa zamani. Lakini usiku wa kuamkia siku ile ile, vifaru vya Umoja wa Kisovieti na washirika wake vilikuwa vimeingia Chekoslovakia. Okestra ya Moscow, muziki wa Mcheki, siku ya vifaru! Katika santuri mtasikia watu wakipiga kelele mwanzoni kabla muziki haujawanyamazisha. Rostropovich hakuweza kukataa bila hatari kubwa, wala hakuweza kupiga kana kwamba hakuna jambo. Walioona walisema alikuwa akilia. Mwendo wake ni wa mtu anayeikimbilia nyumba inayoungua. Pengine uta unakwaruza uzi, na mara mbili tatu yeye na okestra karibu waachane. Mwishoni, pale mahali pa tatu, anauacha wimbo ufe polepole hata mtu huogopa kupumua. Watu waliposhangilia, alipiga kipande cha taratibu cha Bach, kisha akaondoka.

Mwezi uliofuata alipiga koncheto ile ile Berlin, pamoja na Herbert von Karajan, ikatiwa katika sahani iliyokuja kuwa mashuhuri duniani. Ni mpigaji yule yule, lakini hii ya pili ni pana, ya polepole zaidi, na kila kitu kiko mahali pake. Wapenzi wengi wa muziki huiweka mbele ya zote. Mimi naistahi, lakini nikiambiwa nichukue moja, nitachukua ile ya London pamoja na mikwaruzo yake.

Mwaka wa 1970 Rostropovich aliandika barua ya kumtetea mwandishi Solzhenitsyn, ambaye alikuwa amempa mahali pa kukaa nyumbani kwake. Baada ya hapo milango ilifungwa mmoja mmoja. Mwaka wa 1974 akatoka nchini, na mwaka wa 1978 akanyang'anywa uraia. Novemba 1989, ukuta wa Berlin ulipofunguliwa, alikwenda na selo yake akaketi kando ya ukuta akapiga Bach. Uraia wake ulirudishwa mwaka wa 1990, akafa Moscow mwaka wa 2007.

Kwa hiyo yule kijana aliyembishia Casals alirudi na swali lake. Mmoja alinyamaza, wa pili akapiga: nani alifanya vema? Nililosema ni hili, na mtu anaweza kunipinga katika toleo lijalo. Kunyamaza kwa Casals kulikuwa na nguvu kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha kusikia santuri za Bach na ile ya Prague, na walijua wanakosa nini. Mtu asiyesikika hawezi kunyamaza. Na Rostropovich usiku ule hakuwa na nafasi ya kusema neno moja. Alichokuwa nacho ni dakika arobaini za Dvořák, akazitumia zote.

Nafasi yangu inakwisha, na sijamtaja Jacqueline du Pré ila katika sentensi hizi chache. Mwanzoni mwa Septemba 1968 naye alipiga koncheto hii katika jumba lile lile la London kwa ajili ya watu wa Chekoslovakia. Uzi ulikatika katika sehemu ya mwisho. Akatoka, akafunga mwingine, akarudi akaendelea. Alikuwa na miaka 23. Miaka mitano baadaye ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulimnyang'anya mikono, akafa mwaka wa 1987. Habari zake, na za koncheto ya Elgar aliyoipiga mwaka wa 1965, tutazifanya muhula ujao.

Wanaotaka kuingia chamani waje chumba cha jiografia Jumamosi saa kumi na mbili jioni, baada ya michezo. Wazazi walio karibu wanakaribishwa vilevile; viti vipo. Kila mgeni atasikilizishwa mahali pa pili, yaani wimbo wa Josefina, kwa wapigaji wote watatu bila kutajiwa majina, kisha aandike katika karatasi ni yupi kati yao aliyempiga kwanza, wa pili na wa tatu, na amejuaje. Mpaka sasa ni watu wanne tu waliopata zote tatu, na mmoja wao ni mpishi wetu.